Ruzuku ya nishati safi: omba ya kupima kwanza, mashine itafuata

Kila tangazo la ruzuku ya nishati safi au ya mazingira likitoka redioni, au likianza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, simu yangu haitulii. "Afisa, umeliona?" "Afisa, mwisho wa kutuma ni lini?" "Afisa, naomba uniandikie barua." Nafurahi, kwa sababu zamani matangazo haya yalikuwa yanaishia mjini. Lakini kuna jambo nimelishikilia kwa muda na leo nalisema, hata kama wengine halitawapendeza. Wengi wetu tunaomba ruzuku mapema mno na kwa kitu ambacho hakijahitajika. Tunaomba mashine kubwa kabla ya kujua kama bidhaa yenyewe inauzika, inaiva, inawaka au inadumu.

Nieleze kwa kisa cha hapa kwetu. Mwaka jana alinijia kijana mmoja anayetengeneza mkaa mbadala kwa magunzi ya mahindi na pumba za mpunga. Anachoma kwenye pipa kwa kunyima hewa, anasaga, anachanganya na uji wa muhogo ili ushikamane, anakandamiza kwa mashine ndogo ya mkono, kisha anaanika juani. Kazi safi kabisa. Alikuja na fomu ya maombi, imebaki barua yangu tu. Alikuwa anaomba fedha za kununua mashine ya umeme ya kukandamiza, kubwa, ya mamilioni.

Nilimuuliza maswali matatu. Kilo moja ya mkaa wako inaivisha nini ambacho kilo moja ya mkaa wa kawaida inaivisha? Wateja wako wa mwezi uliopita, wangapi wamerudi kununua tena? Na ukipata hiyo mashine leo, kitakachokukwamisha kesho ni nini? La kwanza hakulijua. La pili alisema "wengi". La tatu alinitazama kama mtu ninayemzibia riziki.

Sikusaini. Dirisha la maombi likafungwa, na kwa wiki kadhaa akawa akinipita barabarani bila salamu. Nakiri nililala vibaya siku zile. Afisa ugani anayemnyima kijana barua ana mzigo wa kumwonyesha kwamba hakumnyima fursa. Ndiyo maana nilimfuata mimi mwenyewe nyumbani kwao, nikamwambia tufanye majaribio pamoja, kwa gharama ndogo, tuone.

Tulikwenda kwa mama lishe wa stendi, anayepika maharage kila siku kwa sufuria ileile na jiko lilelile. Hilo ni muhimu, kwa sababu ukibadilisha jiko na mpishi hujui tena unapima nini. Tulipima mkaa kwa mizani kabla na baada, siku tatu kwa mkaa wa kawaida, siku tatu kwa wa kijana. Tuliandika saa ya kuwasha, saa ya kuchemka, saa ya kuiva, na mkaa uliobaki. Sufuria moja ya maharage ilikula kilo moja na robo ya mkaa wa kawaida. Kwa mkaa wa kijana ilikula kama kilo moja na nusu. Mkaa wa kawaida pale stendi ulikuwa shilingi 1,000 kwa kilo, wa kwake alikuwa akiuza 700. Fanyeni hesabu: sufuria ya mkaa wa kawaida ni 1,250, ya mkaa wake ni 1,050. Mama lishe anaokoa 200 kwa sufuria. Anapika sufuria tatu kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hiyo ni 15,600.

Sasa hapo kijana alikuwa na cha kumwambia mteja. Kabla ya hapo alikuwa anamwambia "unatunza misitu". Mama lishe anaipenda misitu, lakini jioni anahesabu noti.

Halafu mama lishe mwenyewe akatupa habari ambayo mizani haikuonyesha. Alisema, "Mwanangu, mkaa wako asubuhi unanichelewesha, unakataa kushika na wateja wa chai wanaondoka. Lakini mchana ukishashika, nasahau jiko." Tena akalalamika majivu ni mengi. Majivu yalitokana na pumba za mpunga, maana pumba zina mabaki mengi yasiyoungua kuliko magunzi. Kijana akapunguza pumba, akaongeza magunzi, na akaanza kumshauri mteja awashe kwa vipande vichache vya mkaa wa kawaida kisha aongeze wa kwake. Marekebisho hayo hayakuhitaji shilingi hata moja ya ruzuku.

Lakini jibu la swali la tatu ndilo lililonifanya niandike makala hii. Tulipofungua daftari la mauzo yake tukakuta anauza vizuri Julai hadi Oktoba, halafu kuanzia mvua zinapoanza mauzo yanakufa. Nilidhani wateja ndio wanaopungua. Hapana, wateja wanaongezeka, kwa sababu mvua zikinyesha mkaa wa porini unakuwa adimu na bei inapanda. Anayekosa mali ni yeye. Mkaa mbichi unatoka kwenye mashine na hauna pa kukauka, unaota ukungu na kuvunjika. Mashine yake ndogo ya mkono ilikuwa inatengeneza mkaa mwingi kuliko nafasi aliyonayo ya kuuanika. Angepewa ile mashine ya umeme ya mamilioni angetengeneza tope nyingi zaidi, haraka zaidi, na bili ya umeme juu yake.

Alichohitaji ni banda la kukaushia: nguzo, paa la nailoni inayopitisha mwanga, chanja za tabaka tatu au nne, na uwazi pande mbili hewa ipite. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya ile mashine. Hakuna fomu ya ruzuku iliyokuwa imemwambia hivyo, wala mimi sikujua. Daftari na mizani ndivyo vilivyotuambia.

Msidhani haya ni mawazo ya kijijini tu. Marekani wana mpango wa ruzuku kwa kampuni ndogo zinazobuni teknolojia, unaitwa SBIR, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wizara zao, ikiwemo ya nishati, zinatoa fedha kwa hatua. Hatua ya kwanza ni fedha ndogo kwa viwango vyao, ya kuthibitisha kwamba wazo linafanya kazi. Hatua ya pili ni fedha kubwa zaidi ya kuendeleza. Hatua ya tatu ni kuingia sokoni, na huko mpango hautoi fedha zake tena. Mchumi mmoja, Sabrina Howell, alichambua maombi ya ruzuku ya wizara ya nishati ya huko kwa miaka mingi, akalinganisha waliopata kwa tofauti ndogo na waliokosa kwa tofauti ndogo. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 2017. Aligundua kwamba ruzuku ya kwanza, iliyokuwa kama dola 150,000, ilikaribia kuongeza maradufu uwezekano wa kampuni kupata wawekezaji baadaye, kutoka asilimia 10 hadi 19, na iliongeza mapato. Ruzuku ya pili, ya kama dola milioni moja, haikuonyesha faida ya namna hiyo.

Kuna jingine katika utafiti huo ambalo ningependa kila anayeomba barua yangu alijue. Alitaka kujua kwa nini ile ndogo inasaidia. Je, ni kwa sababu mwekezaji anaona serikali imeikubali kampuni, yaani ni kama cheti? Ushahidi wake unaelekeza kwingine: fedha zile ziliwawezesha kutengeneza kifaa cha majaribio na kukipima, na kipimo ndicho kilichomtuliza mwekezaji. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa kampuni changa na zisizo na fedha.

Dola 150,000 kwetu ni utajiri, najua. Msiangalie kiasi, angalieni mpangilio. Wale wana maabara na mabenki, na bado fedha iliyofanya kazi zaidi ni ile ya kupima.

Sasa turudi nyumbani. Serikali yetu imeweka nguvu kubwa kwenye jambo hili. Mwezi Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilishaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, wamekuwa wakisambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 na majiko banifu kwa bei ya ruzuku. Yote hayo ni mema na nimeyaona yakisaidia kina mama.

Ila tutofautishe. Ruzuku ya mtungi ni ruzuku ya mnunuzi: inashusha bei ili mtu ajaribu. Anayetengeneza jiko, anayejenga mtambo wa biogesi, anayefunga pampu ya sola au kukausha mboga kwa jua anahitaji ruzuku ya aina nyingine, ya kumfikisha sokoni. Tukizichanganya hizi mbili tunaumia. Miaka kadhaa nyuma kulikuwa na mradi mmoja uliopita kwenye maeneo yetu ukawapunguzia wafugaji bei ya mitambo ya biogesi. Mafundi walijenga haraka haraka. Mradi ulipoondoka, bomba likipasuka au kichomeo cha jiko kikiziba hakuna wa kumpigia simu, kwa sababu fundi alilipwa kwa kujenga na hakuna aliyepanga matengenezo yalipweje. Leo ukipita unakuta matangi yamejaa majani, na mwenye nyumba anakuambia "biogesi haifai".

Biogesi inafaa. Ng'ombe wawili wa maziwa wanaolala bandani wanakupa kinyesi cha kilo 25 kwa siku bila shida. Changanya na maji lita 25, utapata gesi ya kukupikia saa mbili hadi tatu kwenye jiko moja, na tope linalotoka upande wa pili ni mbolea nzuri kwa migomba na malisho. Kilichokosekana ni biashara ya fundi baada ya mtambo kukamilika: vipuri, ratiba ya kutembelea, na bei ya huduma inayojulikana. Ningekuwa na uwezo, ruzuku ya fundi ningeilipa vipande viwili. Kimoja mtambo unapowaka, kingine baada ya mwaka ukiwa bado unawaka.

Kuna wanaosema basi serikali ilipe kwa matokeo tu, mtu afanye kwanza, akaguliwe, ndipo alipwe. Nakubaliana kwa nusu. Kwa kampuni yenye mtaji hilo ni sawa. Kwa fundi wa kijijini anayenunua saruji kwa deni, kusubiri ukaguzi miezi mitatu ni kumfilisi. Atanunua saruji pungufu, na tangi litavuja. Ndiyo maana natetea fedha ndogo ya mwanzo, inayotolewa karibu na mtu, ngazi ya wilaya ikiwezekana, kwa fomu ya kurasa mbili. Kumi wakipewa kidogo, sita wakashindwa mapema, serikali imepoteza kidogo na imejua wanne wa kuwaongezea. Mmoja akipewa kikubwa na kushindwa, tunabaki na mashine iliyofunikwa turubai nyuma ya nyumba. Mnazijua, sina haja ya kuzitaja zilipo.

Kwa upande wenu wafanyabiashara wadogo, msisubiri mpangilio huo uje. Jambo la kwanza, jueni mnachokiomba ni nini. Fedha ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejea mwaka 2024 baada ya utaratibu kurekebishwa, na mmoja wa sababu za kusitishwa ilikuwa sisi wenyewe: vikundi vilivyochukua vikidhani ni zawadi. Mkopo unafaa kwa kitu kilichothibitika kuuzika, kama mtaji wa kununua magunzi wakati wa mavuno yakiwa bure au karibu na bure. Haufai kwa majaribio, maana majaribio yakishindwa deni halishindwi.

Kwa wenye ubunifu mpya kabisa, COSTECH wana mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia, na kuna mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, ambapo hata fundi asiye na cheti anaweza kushiriki. Kwa mashine na mafunzo, SIDO mkoani ndiyo mlango wa kuanzia. Barua yao ya utambulisho inakusaidia pia kupata nafuu unapoomba alama ya ubora ya TBS. Alama hiyo ina maana kubwa ukitaka kuuza shuleni, kwa sababu mkuu wa shule atakuuliza mambo mawili: una uthibitisho gani, na unaweza kuniletea kiasi kilekile kila mwezi? Swali hilo la pili linawaangusha wengi. Shule haiwezi kuwapikia watoto Julai hadi Oktoba tu.

Ukiombwa "ada ya kuharakisha" ili upate ruzuku ya serikali, kata simu.

Na kabla sijasahau, kwa wafugaji wa kuku: mkaa mbadala unatunza joto muda mrefu na wengi mmeanza kuutumia kwenye vyumba vya vifaranga. Unafaa, lakini nao unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu kama mkaa mwingine. Acheni uwazi juu, na usilale humo ndani na vifaranga hata kama baridi ni kali.

Mkitaka barua yangu, basi njoo na daftari. Sihitaji andiko la kitaalamu. Nataka kuona angalau wiki sita: tarehe, umeuza nini, kwa nani, kwa bei gani, nani amerudi, nani hajarudi na alisema nini. Nataka kuona umepima bidhaa yako dhidi ya kile ambacho mteja anatumia leo, kwa mizani na saa, na mtu mwingine akiwa jikoni. Kama ni kikaushio cha jua, lete siku ngapi nyanya zimekauka wakati wa mawingu, sio wakati wa jua tu. Kama ni pampu ya sola, lete lita kwa saa, asubuhi na adhuhuri, na umwagilie robo eka kweli tuone. Na andika kitu kimoja kinachokukwamisha zaidi kuliko vingine, kwa sababu fedha itakwenda hapo. Niko ofisi ya kata Jumanne na Alhamisi, na mizani ninayo, nakopesha.

Nitaambiwa kwamba kwa mtindo huu watu wangu watachelewa na wa kata nyingine watawahi. Inawezekana. Kijana wangu alikosa dirisha la kwanza kwa sababu yangu, na sitajifanya kwamba hakupoteza kitu. Dirisha lingine lilipotangazwa, niliandika barua yake usiku uleule. Fomu yake sasa inaomba banda la kukaushia na mizani ya dijitali, jumla ni chini ya robo ya alichoomba mwanzo, na nyuma yake ameambatisha nakala ya daftari na maneno ya mama lishe, pamoja na lile la kuchelewesha wateja wa chai. Alitaka kulifuta, nikamwambia aliache.

Majibu bado. Wakati tunasubiri amejenga banda la mfano kwa mianzi na nailoni, chanja mbili tu, na juzi mvua kubwa ya kwanza ilinyesha siku mbili mfululizo. Siku ya nne alinipigia simu kuniambia tabaka la juu limekauka, la chini bado bichi. Tumekubaliana ainue chanja ya chini kwa futi moja, tuone.